Mpigo Mgumu: Kamera ya Mtu wa Ridhaa na Imani kwa Mtazamaji



Awali ya yote nawashukuru waandaaji wa mfululizo huu wa mihadhara kwa heshima waliyonipa. Jukwaa la taaluma za Kiswahili limezoea kusikia habari za ushairi, riwaya, lahaja na isimu. Leo naomba ruhusa ya kuingiza kamera katika ukumbi huu. Naamini kuwa historia nitakayoieleza inaihusu lugha yetu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba mwishoni mwa mhadhara tutajikuta tumerudi katika mambo ya msamiati, masimulizi na hadhi ya Kiswahili.

1. Utangulizi: maneno mawili

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kufafanua maneno mawili yatakayotumika mara kwa mara.

La kwanza ni ridhaa. Neno hili tumelipata katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kuridhika au kukubali kwa hiari. Katika michezo, hususan nchini Tanzania, tumelitumia kumtofautisha bondia wa ridhaa na bondia wa kulipwa. Lugha za Ulaya zilipita njia iliyo karibu na hiyo: neno ambalo Wafaransa na Waingereza hulitumia kwa mtu wa namna hii lina asili yake katika mzizi wa Kilatini wenye maana ya kupenda. Kwa hiyo, mtengenezaji filamu wa ridhaa ni yule anayefanya kazi hiyo kwa kuwa ameridhia na ameipenda. Hana ajira ya studio, na mara nyingi hana hata fedha za kukodi vifaa. Kutojua kazi si sehemu ya maana ya neno hili.

La pili ni mpigo. Kwa kawaida Kiswahili husema kupiga picha, kama kinavyosema kupiga simu, kupiga pasi na kupiga deki. Lakini jina la kile kipande kimoja cha filamu, kuanzia kamera inapowashwa hadi inapozimwa, halijatulia. Mafundi wengi husema shoti. Hata hivyo neno hilo limekwisha kushikwa na umeme, na tunapoambiwa kuwa nyumba imeungua kwa shoti hatufikirii kamera. Wengine husema picha tu, ingawa picha ni pia mchoro, ni pia fotografia, na kwa wazee wa pwani ni filamu nzima. Napendekeza tutumie mpigo. Tayari tunasema kuwa jambo limefanywa kwa mpigo mmoja, yaani bila kukatizwa, na hiyo ndiyo maana tunayoihitaji hapa.

Mpigo mgumu, basi, ni ule ambao vifaa, mahali, mwanga au mwili wa binadamu haviuruhusu kwa urahisi: kamera inayotakiwa kukimbia bila kutikisika, mtu mmoja anayetakiwa kuonekana mara tatu katika fremu moja, au hatua moja inayotakiwa kuanzia pwani na kuishia sebuleni.

Hoja yangu kuu ni kwamba mpigo mgumu ni suala la imani kabla ya kuwa suala la vifaa. Anayeujaribu anaamini kuwa mtazamaji ataunganisha vipande, atajaza pengo na atafuata mahali kamera inakompeleka. Historia inaonyesha kwamba imani hiyo waliwahi kunyimwa watazamaji wa Afrika kwa makusudi, na kwamba watu wa ridhaa, popote walipokuwa, ndio walioionyesha kwa ujasiri mkubwa.

2. Mkanda mwembamba na miiko yake

Sinema ilipozaliwa mwishoni mwa karne ya 19, mkanda uliozoeleka ulikuwa wa upana wa milimita 35. Ulikuwa wa gharama, na kemikali iliyoutengeneza ilishika moto upesi. Haukuwa kitu cha kuwekwa nyumbani. Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa mkanda wa milimita 9.5. Mwaka 1923 Kodak ya Marekani ikafuata kwa mkanda wa milimita 16, uliotengenezwa kwa asetati isiyowaka kwa urahisi. Uzuri wake mwingine ni kuwa mkanda uleule uliopita ndani ya kamera ndio uliosafishwa na kuonyeshwa, bila haja ya kulipia nakala ya pili. Mwaka 1926 wapenzi wa kamera hizi waliunda umoja wao mjini New York chini ya uongozi wa Hiram Percy Maxim, wakawa na jarida lao la kufundishana mbinu. Mwaka 1932 ukaja mkanda wa milimita 8, na mwaka 1965 ule ulioitwa Super 8.

Mkanda wa milimita 16 ulifika Afrika Mashariki mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palifanyika, katika kijiji cha Vugiri kwenye milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Fedha nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York. Mradi uliongozwa na J. Merle Davis, na shughuli za Vugiri zilisimamiwa na L. A. Notcutt, aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge, pamoja na G. C. Latham. Walitumia mkanda uleule wa watu wa ridhaa, na walioigiza walikuwa wenyeji wasio na mafunzo ya uigizaji. Zilitengenezwa filamu 35. Kwa kuwa mkanda wao haukubeba sauti, maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri, na filamu moja iliweza kusindikizwa na lugha zaidi ya moja. Kiswahili kilikuwa miongoni mwake. Inafaa wanahistoria wa lugha yetu wakumbuke kuwa Kiswahili kiliingia katika filamu kwa njia ya sahani inayozunguka kando ya projekta.

Baada ya jaribio hilo, serikali ya Uingereza iliunda mwaka 1939 kitengo maalumu cha filamu za makoloni, kilichodumu hadi mwaka 1955. Aliyekiongoza, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya ya jamii nchini Nigeria na alikuwa amepiga filamu huko. Kutokana na uzoefu wake alitunga miiko ambayo kitengo kiliifuata. Mpigo uwe mrefu na wa taratibu. Kamera isigeuzwe kutoka upande mmoja hadi mwingine, maana mtazamaji ataona miti na nyumba zinakimbia. Hila zote za kamera ziepukwe. Hadithi isiruke mahali wala wakati. Mtu akitoka nyumbani kwenda sokoni, safari yake ionekane. Sababu iliyotolewa ni kwamba Mwafrika wa kijijini hakuwa na uwezo wa kuisoma picha kama Mzungu.

Hebu tuipime miiko hii. Kuona picha za sinema kwa mara ya kwanza kulimshangaza kila mtu duniani, na mzoefu wa kazi ya elimu ana haki ya kutaka somo lake lieleweke. Hata hivyo, Sellers alichukua hali ya siku ya kwanza akaifanya tabia ya kudumu ya watu wa bara zima. Mpigo mgumu ukageuka kuwa mpaka: upande mmoja wale wanaostahili kuonyeshwa, upande wa pili wale wasiostahili.

3. Mtazamaji aliyedharauliwa

Ushahidi dhidi ya miiko hiyo ulikuwapo, na ulikuwa karibu. Tuanze na ngano. Msimulizi wa Kiswahili hamwonyeshi msikilizaji kila hatua ya safari. Husema: akaenda, akaenda, akaenda, hata siku ya saba akafika katika mji usio na watu. Kitenzi kimoja kilichorudiwa mara tatu kimevuka nyika, mito na usiku sita. Wala msikilizaji hamuulizi siku ya nne alilala wapi. Anajua kwamba urudiaji huo ni alama ya umbali, na kwamba sauti ya msimulizi ikibadilika, mahali pamebadilika. Katika ngano hizohizo sungura huzungumza, mtu hugeuka nyoka, na aliyekufa huimba kutoka chini ya mti. Jamii iliyolelewa na masimulizi ya namna hii haikuhitaji kufundishwa kuwa hadithi inaweza kuruka.

Ushahidi wa pili ulikuwa mijini. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema katika miji ya Tanzania, ameonyesha jinsi wakazi wa Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine walivyokuwa watazamaji makini wa filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani. Filamu ya Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa mno. Ndani yake mna sehemu ndefu ya ndoto, yenye ngazi, mawingu na masanamu makubwa, ambamo mhusika hupanda na kuporomoka kati ya mbingu na jehanamu. Hakuna mwiko wa Sellers ambao sehemu hiyo haikuuvunja. Wakati kitengo cha London kikiendelea kuhofia kamera inayogeuka, watu wa pwani walilipa nauli na kiingilio ili waitazame ndoto hiyo.

Swali linalofuata ni hili: nani, katika miaka hiyohiyo, alikuwa akiitumia kamera ndogo ya milimita 16 kwa namna iliyomheshimu mtazamaji kiasi hicho? Jibu moja linatupeleka Marekani, katika nyumba ya kawaida mjini Los Angeles.

4. Hatua kutoka pwani hadi sebuleni

Maya Deren alizaliwa Kiev mwaka 1917, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Mwaka 1943, kwa sehemu ya urithi wa baba yake, alinunua kamera ya Bolex iliyokwisha kutumika. Kamera hiyo haikuhitaji umeme: iliendeshwa kwa springi iliyotiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya mezani, na mpigo mmoja haukuweza kuzidi takriban nusu dakika kabla ya springi kulegea. Lakini ilikuwa na fadhila mbili. Kasi yake iliweza kubadilishwa, na mkanda uliweza kurudishwa nyuma ndani ya kamera ili upigwe mara ya pili.

Pamoja na mumewe, Alexander Hammid, mtengenezaji filamu kutoka Chekoslovakia, walitengeneza Meshes of the Afternoon, filamu ya takriban dakika 14 isiyo na mazungumzo. Mahali pa kupigia palikuwa nyumba yao wenyewe, na waigizaji walikuwa wao wawili. Ndani yake mna mipigo mitatu inayostahili kuchambuliwa.

Wa kwanza ni wa ngazi. Mwanamke anapanda ngazi na nyumba inaonekana kuyumba kama jahazi katika mawimbi. Kwa studio kubwa, jambo hilo lingehitaji chumba kilichojengwa juu ya mitambo. Hammid aliinamisha kamera upande mmoja na Deren akaangukia upande wa pili; kamera iliporudi, naye akarudi. Macho ya mtazamaji huichukulia fremu kuwa wima daima, kwa hiyo huona ukuta ndio uliolala. Kilichohitajika ni watu wawili kupatana juu ya mdundo mmoja.

Wa pili ni wa meza. Mwanamke yuleyule anaonekana mara tatu, ameketi pamoja na nafsi zake. Hapo sehemu ya lenzi ilizibwa, akapigwa akiwa upande mmoja. Mkanda ukarudishwa, sehemu iliyokwisha kupigwa ikazibwa, akapigwa upande mwingine. Kosa dogo la kamera kusogea au la kuhesabu mkanda vibaya lingeharibu kazi yote, na kwa kuwa mkanda haukuwa umesafishwa bado, hawakuweza kujua hadi baadaye.

Wa tatu ndio unaotuhusu zaidi. Mwanamke anainuka mezani akiwa na kisu, na kwa hatua chache anatoka kwenye mchanga wa pwani, anakanyaga majani, kisha njia ya saruji, kisha zulia la chumbani. Kila hatua ilipigwa mahali pake. Kinachoziunganisha ni kwamba mguu una ukubwa uleule katika fremu, unaelekea upande uleule na kwa kasi ileile. Mtazamaji hapewi safari. Anapewa hatua, naye anaijenga safari mwenyewe. Hii ndiyo akaenda, akaenda, akaenda ya msimulizi wetu, isipokuwa kitenzi kimegeuka kuwa wayo. Deren hakuzijua ngano za Kiswahili, wala sidai kuwa pana athari yoyote ya moja kwa moja. Ninachodai ni kwamba mbinu hii inategemea uwezo uleule wa akili ya msikilizaji, ambao Sellers alisema haupo kwetu.

Mwaka 1945 Deren aliendeleza jambo hilo akiwa na mcheza dansi Talley Beatty katika filamu fupi ya dakika chache, A Study in Choreography for Camera. Kamera inageuka taratibu msituni na Beatty anaonekana, anapotea, anaonekana tena mbele, kana kwamba ametangulia kamera bila kutembea. Siri yake ni kwamba kamera ilisimamishwa, Beatty akasogea, kisha mgeuko ukaendelezwa palepale ulipoachwa. Mwishoni anaruka, na mruko wake unakaa hewani muda mrefu kuliko mwili wowote unavyoweza, kwa sababu umeungwa kwa vipande vya kupaa, kuelea na kushuka.

Katika insha yake kuhusu mtu wa ridhaa na mtu wa kulipwa, Deren alishauri kuwa mridhaa asijilinganishe na studio kwa kile asichokuwa nacho. Mridhaa ana uhuru: hana mwajiri anayemharakisha, na mwili wake mwenyewe unaweza kuinama, kupanda na kuzunguka kuliko kiweko chochote cha miguu mitatu. Inasemekana alipenda kutania kuwa filamu zake ziligharimu kiasi ambacho Hollywood hutumia kwa rangi ya midomo.

5. Ubao, kiti cha magurudumu na jeki

Deren aliushinda ugumu kwa kukata na kuunga. Lakini kuna ugumu ambao uhariri hauutatui: kamera inayosafiri mfululizo, bila kukatwa, mahali pasipo na reli. Studio ziliweka reli na gari dogo la kubebea kamera. Katikati ya miaka ya 1970 Garrett Brown alibuni vazi lenye mkono wa springi unaotuliza kamera mwilini mwa mpigapicha, nalo lilitumika katika filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976. Chombo hicho kilikuwa mbali na uwezo wa vijana.

Miongoni mwa vijana hao alikuwa Sam Raimi wa Michigan, aliyekua akitengeneza filamu za Super 8 pamoja na marafiki zake, akiwemo Bruce Campbell. Walipopiga The Evil Dead huko Tennessee, kuanzia mwaka 1979, hawakuwa tena watu wa ridhaa kwa maana kamili, kwa kuwa walikuwa wamekusanya fedha za wawekezaji. Mbinu zao, hata hivyo, zilibaki za ridhaa. Walihitaji mpigo wa kiumbe kisichoonekana kinachopita msituni kwa kasi, karibu na ardhi. Walichukua ubao mrefu, wakafunga kamera ya milimita 16 katikati, na watu wawili wakaushika miisho yake wakakimbia.

Kwa nini ubao ulifaulu mahali ambapo mkono ungeshindwa? Mtikisiko unaomsumbua zaidi mtazamaji hautokani na kamera kupanda na kushuka. Unatokana na kamera kupinda, kwani kupinda kidogo tu hubadilisha fremu nzima. Kitu kirefu, chenye uzito ulio mbali na kitovu chake, ni kigumu kupindishwa, kama ajuavyo kila aliyewahi kugeuza mlingoti au kutembea na mti mrefu begani. Aidha, hatua za watu wawili hazilingani, kwa hiyo mtikisiko wa mmoja hupunguzwa na umbali wa mwenzake. Wakaongeza lenzi pana, ambayo hufanya mtikisiko uliobaki uonekane mdogo na kasi ya kwenda mbele ionekane kubwa. Na ule mtikisiko ambao haukuondoka ukawa na maana: ndio pumzi ya kiumbe kinachowinda.

Kiti cha magurudumu nacho kina historia yake. Mwaka 1959, mjini Paris, Jean-Luc Godard alimweka mpigapicha wake Raoul Coutard katika kiti cha namna hiyo na kumsukuma. Robert Rodriguez alitumia kiti kama hicho mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ciudad Acuña, Meksiko, alipopiga El Mariachi kwa takriban dola 7,000, akiwa mwongozaji, mpigapicha na mhariri kwa wakati mmoja. Kamera yake ya kuazima ilikuwa na kelele, kwa hiyo aliwarekodi waigizaji sauti kando, baada ya kila mpigo. Midomo na sauti zilipoanza kuachana, alikata na kuhamia picha nyingine. Wengi waliisifu filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1992, kwa uhariri wake wa kasi. Kasi hiyo ilizaliwa na upungufu wa kamera.

Hatimaye turudi Afrika Mashariki. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianzisha kampuni yake ya filamu katika muongo wa kwanza wa karne hii, akiwa amejifunza mengi kwa juhudi zake mwenyewe. Filamu yake ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, ilipigwa kwa kamera ndogo za dijitali. Jeki ya gari ilitumika kama kiweko. Mkono wa kuinulia kamera juu ulitengenezwa kwa vipuri vya trekta. Kitambaa cha kijani kutoka sokoni kilitandazwa ukutani ili helikopta na moto viongezwe baadaye kwa kompyuta. Silaha ziliundwa kwa vyuma chakavu. Filamu hiyo ina kamera inayogeuka, hila, miruko ya mahali na wakati, yaani kila kilichokatazwa na miiko ya Sellers, na ilitengenezwa kwa ajili ya majirani, ambao pia ndio walioigiza. Juu ya picha hizo kuna sauti ya mchekeshaji anayesimulia, kutania na kushangilia, kama ilivyo desturi ya vibanda vya video vya Kampala, na kama wafanyavyo watafsiri wa filamu kwa Kiswahili Dar es Salaam na Nairobi. Katika sahani za Vugiri, sauti iliwekwa ili kumweleza mtazamaji aliyedhaniwa haelewi. Katika kibanda cha video sauti inazungumza na mtu anayeelewa vizuri mno, kiasi cha kucheka kabla utani haujaisha.

6. Kiswahili mahali pa kazi

Nimesema kuwa mpigo mgumu unahitaji imani. Unahitaji pia maneno. Watu wawili wanaokimbia na ubao hawawezi kufaulu bila kuambiana jambo moja kwa namna moja. Hammid na Deren walilazimika kukubaliana ni lini kamera itainama. Mpigo huanza kuwapo katika mazungumzo, saa au siku kadhaa kabla ya kuwapo katika mkanda.

Hapa ndipo ninapoona hatari inayowakabili wanafunzi wetu. Miongozo mingi ya kazi ya kamera imeandikwa kwa Kiingereza, na imezoeleka kuaminiwa kuwa Kiswahili hakina uwezo wa kueleza kazi hiyo. Dhana hii ni jamaa ya ile ya Sellers: zamani ilidaiwa kuwa mtazamaji wetu hawezi kuusoma mpigo, na sasa inadaiwa kuwa lugha yetu haiwezi kuutaja.

Tuchukue mpigo wa kamera inayosafiri pamoja na mhusika. Kiingereza hutumia neno moja la jumla, kisha huongeza maelezo. Kiswahili kina vitenzi vilivyo tayari. Kamera iliyo nyuma ya mhusika inamfuata. Ikiwa nyuma yake kwa muda mrefu bila kumwacha, inamwandama. Iliyo mbele yake, ikirudi kinyumenyume, inamtangulia. Iliyo ubavuni, ikienda sambamba naye, inamsindikiza. Ile ya Raimi, inayojificha kati ya miti na kumkaribia asiyejua, inamnyemelea. Inayotokeza nusu ya lenzi nyuma ya mlango inachungulia. Kila kitenzi kati ya hivi kinataja mahali kamera ilipo, na pia kinataja uhusiano wa kamera na mtu: heshima, ulinzi, uadui au udadisi. Mwongozaji anayemwambia mpigapicha wake amsindikize bibi harusi atapata picha tofauti na yule anayesema amwandame, ingawa kamera ingeweza kupita njia ileile.

Vivyo hivyo kauli ya kutendea hutupa uwezo wa kueleza mwelekeo kwa neno moja. Kamera inainama, lakini ikimwinamia mtoto aliyelala, tumekwisha kujua iko juu yake na inamtazama nani. Nomino zitaundwa kwa urahisi kutokana na vitenzi hivi: mpigo wa kutangulia, mpigo wa kusindikiza, mpigo wa kunyemelea.

Huenda nikaambiwa kuwa mwanafunzi huyu atakutana na istilahi za Kiingereza katika programu za kompyuta na katika miradi ya pamoja na wageni. Ni kweli, na ni vyema azijue. Sipendekezi tuyafukuze maneno kamera, lenzi na fremu, ambayo yamekwisha kupata uraia. Ninachopinga ni kuacha vitenzi vyetu hai nje ya chumba cha kazi, kisha kulalamika kuwa chumba hakina msamiati.

7. Hitimisho

Katika mhadhara huu nimejaribu kuonyesha mambo makuu matatu. Mosi, kwamba kamera nyepesi ya ridhaa ilifika kwetu ikiwa na miiko iliyomdunisha mtazamaji, na kwamba ngano na kumbi za sinema za pwani zilikuwa ushahidi wa kutosha wa kuikanusha. Pili, kwamba mipigo migumu ya Deren, Raimi, Rodriguez na Nabwana ilitokana na kuuelewa ugumu wenyewe: ni nini hasa kinachotikisika, ni nini jicho litakijaza lenyewe, na ni upungufu gani unaoweza kupewa maana. Tatu, kwamba uelewa huo hujengwa kwa lugha ya wale wanaofanya kazi pamoja.

Mwaka 2015 Sean Baker alitoa filamu ya Tangerine, iliyopigwa kwa simu za mkononi, na baadhi ya mipigo yake ya barabarani alipiga akiwa juu ya baiskeli. Simu na baiskeli si vitu vigeni Tanga, Kisumu wala Bujumbura. Kwa hiyo swali la vifaa, ambalo lilikuwa zito mwaka 1935, limepungua uzito. Lililobaki ni la utafiti, na hilo ni letu. Idara za Kiswahili ziwatume wanafunzi wao mahali filamu zinapopigwa wakasikilize mwongozaji anamwambiaje mpigapicha, msukuma kiti na mshika taa, na wayaandike maneno hayo kabla hatujakaa mezani kubuni mengine. Mengi ya tunayoyatafuta tayari yanasemwa.